Kusafisha udongo wa mfinyanzi: kila uchafu na dawa yake

Udongo unaochimbwa ardhini kwa ajili ya ufinyanzi ni mchanganyiko. Ndani yake mna chembe laini za madini ya udongo yenyewe, na pamoja nazo mchanga wa kwatzi, mika, feldspa, kutu, chokaa, chumvi zinazoyeyuka majini, mizizi na masalia ya mimea. Kila kimojawapo huharibu kazi kwa namna yake, na huondolewa kwa njia yake. Ukinunua chekeche laini ilhali tatizo ni chumvi, umepoteza fedha. Ukimwaga tindikali kuondoa chuma kilichofungwa ndani ya chembe za udongo, umepoteza fedha na muda pia.

Kabla ya kusafisha ni lazima ujue mambo mawili: kilichomo, na kitakachotengenezwa. Tofali linavumilia mchanga na wekundu. Sahani nyeupe haivumilii hata kidoa cha kutu chenye ukubwa wa kichwa cha sindano. Na udongo uliosafishwa kupita kiasi nao una hila zake: mchanga ukiisha wote, kilichobaki hunywa maji mengi, husinyaa sana na kupasuka kinapokauka.

Vipimo visivyohitaji maabara

Chukua sampuli sehemu kadhaa za shimo, chini ya tabaka lenye mizizi, uchanganye na ukaushe kabisa.

Kipimo cha kwanza ni chupa ya kioo. Jaza unga wa udongo hadi theluthi, ongeza maji na matone machache ya silikati ya sodiamu (dawa ya kuzitawanya chembe), tikisa kwa nguvu, kisha uiache isimame. Mchanga hulala chini ndani ya dakika moja hivi, vumbi la mwamba hufuata kwa saa kadhaa, na udongo wenyewe hubaki juu kama maziwa hadi kesho yake au zaidi. Pima tabaka kwa rula. Hesabu hiyo si ya kitaalamu, lakini inakuonyesha kama shimo lako ni la udongo au ni la mchanga uliopakwa udongo.

Cha pili ni siki kali, au tindikali ya hidrokloriki ya asilimia 10. Idondoshee kwenye bonge kavu, kisha kwenye punje zilizobaki juu ya chekeche. Bonge zima likitoa povu, chokaa imesambaa ikiwa laini. Povu likitoka kwenye punje peke yake, una vipande vya chokaa, na hiyo ndiyo hali ya hatari zaidi.

Cha tatu ni vipande vya kupimia. Finyanga vipande vya urefu wa sentimita 13 hivi, na kwenye kila kimoja chora mstari wa sentimita 10 kamili. Baada ya kukauka, mstari ukiwa sentimita 9.3, udongo umesinyaa asilimia 7, kiasi cha kawaida. Ukipita asilimia 10 jiandae kwa nyufa. Ukizidi 12 au 15, huenda mna madini ya jamii ya bentonaiti, ambayo hufura kwa maji kuliko mengine yote.

Cha nne ni cha chumvi. Kifunge kipande kibichi kwa plastiki, uache ncha moja wazi. Maji yatatokea hapo tu, nazo chumvi zitayafuata. Kichome. Ncha hiyo ikitoka na utando mweupe, umejua mwizi wako.

Kulowesha: kavu kwanza, na mkono usiingie

Makosa mengi huanzia hapa. Bonge la udongo lenye unyevunyevu, likitiwa majini, hubaki bonge siku nzima. Bonge lililokauka kabisa humeguka lenyewe, kwa sababu maji huingia kwenye vitundu vyake na kuisukuma hewa iliyomo mpaka lipasuke. Kwa hiyo kausha kwanza, ponda hadi vipande visivyozidi ukubwa wa yai, kisha mwaga udongo ndani ya maji, usimwagie maji udongo. Usikoroge. Ukikoroga mapema, kila kipande hujivika ngozi ya tope inayozuia maji kuingia. Uache saa kadhaa, ikibidi usiku kucha, ndipo ukoroge kwa nguvu.

Viwandani kazi hii hufanywa na pipa lenye pangaboi linalozunguka kwa kasi. Kanuni ni ileile.

Uji ukishalainika, upitishe kwenye chekeche mbili: ya kwanza pana, ya kutoa mizizi na kokoto, ya pili ya meshi 80, yaani matundu 80 kwa inchi, ambayo huzuia punje zinazozidi mikroni 180 hivi (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa kazi laini zaidi kuna meshi 200, ya mikroni 75. Kushuka chini ya hapo kwa chekeche ni mateso. Matundu huziba na kazi haisongi. Hapo ndipo maji yenyewe yanapochukua kazi ya kuchagua.

Kutuama, na kwa nini mara nyingi hakufanyi kazi

Punje huzama kwa kasi inayotegemea mraba wa kipenyo chake. Punje ya kipenyo mara kumi huzama kwa kasi mara mia. Katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, kushuka sentimita 20 huichukua punje ya mikroni 50 dakika moja na nusu. Ya mikroni 20, dakika 9 hivi. Ya mikroni 10, dakika 37. Na ya mikroni 2, ambayo ndiyo mpaka unaotumiwa kwa kawaida kuita kitu udongo, zaidi ya saa 15. Maji yakiwa na nyuzi 30 huwa mepesi zaidi, na muda hupungua kwa karibu moja ya tano.

Maana yake ni hii: ukikoroga uji, ukangoja dakika 10, kisha ukavuta kwa mpira sentimita 20 za juu, ulichovuta hakina tena punje zinazozidi mikroni 20. Kilichobaki chini kina mchanga, lakini pia kina udongo mzuri uliokuwa karibu na sakafu tangu mwanzo. Kiongezee maji, koroga, ngoja tena, vuta tena. Mara ya pili na ya tatu hurudisha sehemu kubwa ya mali ambayo ingemwagwa.

Masharti ni mawili. La kwanza, uji uwe mwepesi. Kilo 1 ya udongo mkavu kwa lita 6 za maji ni kipimo kizuri; uji mzito huzifanya punje zizuiane njiani, na hesabu zote hapo juu huanguka. Ili kujua uji una udongo kiasi gani bila kuukausha, pima uzito wa lita moja kwa gramu, toa 1,000, zidisha kwa 1.625. Lita yenye gramu 1,096 ina udongo mkavu wa gramu 156. Ndiyo kanuni inayoitwa ya Brongniart, na inafaa kuandikwa ukutani karibu na pipa.

Sharti la pili ndilo linalosahauliwa: udongo lazima utawanyike. Chembe za udongo zina chaji za umeme na hupenda kushikana mashada. Shada moja hubeba chembe nyingi sana, na hushuka pamoja na mchanga ulionasa ndani yake. Dalili yake inaonekana kwa macho: ndani ya nusu saa maji ya juu yamekuwa maangavu na chini yake pana mstari mkali kama umekatwa kwa kisu. Mtu asiyejua hufurahi kwamba udongo umetuama vizuri, kumbe hakuna kilichotenganishwa. Uji uliotawanyika hubaki na ukungu juu kwa saa nyingi.

Dawa ya kutawanya ni silikati ya sodiamu, heksametafosfeti ya sodiamu au poliakrileti. Kiasi ni kidogo mno, kati ya asilimia 0.1 na 0.5 ya uzito wa udongo mkavu, na kila udongo una kiwango chake. Kipimo sahihi hupatikana kwa vikombe vitano. Yeyusha gramu 10 za silikati na ongeza maji hadi mililita 100, ili mililita 1 iwe na gramu 0.1. Weka gramu 100 za udongo mkavu na mililita 600 za maji kwenye kila kikombe, kisha tia mililita 1, 2, 3, 4 na 5. Koroga, ngoja saa moja. Chagua kipimo kidogo kuliko vyote ambacho juu kimebaki na ukungu mzito. Kuzidisha hakusaidii: baada ya kiwango fulani sodiamu yenyewe huzirudisha chembe kwenye mashada, na uji huanza kuganda badala ya kulainika.

Mika haitii kanuni hii vizuri. Vipande vyake ni bapa kama magamba, hushuka polepole vikiyumbayumba, na vingi hupita pamoja na udongo laini. Vikubwa hukamatwa na chekeche. Vilivyobaki mara nyingi inabidi kuvivumilia.

Viwanda vikubwa havingoji dakika 10. Vinasukuma uji ndani ya koni zinazouzungusha, haidrosaikloni, ambamo nguvu ya mzunguko hufanya kazi ya uvutano kwa nukta chache: punje nzito hutokea chini, udongo hupanda na kutokea juu. Koni nyembamba hukata chembe ndogo zaidi. Ubaya wake ni mdomo wa chini, ambao huliwa na mchanga. Ukipanuka bila mtu kuona, udongo mzuri huanza kutoka na taka. Anayeendesha mitambo hii hupima uzito wa lita wa pande zote mbili kila zamu.

Usishangae kuona taka ni nyingi kuliko mali. Kaolini, udongo mweupe wa kauri, iliyobaki pale pale juu ya mwamba ulioizaa mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 20 tu ya kilichochimbwa. Kwatzi na feldspa zinazotoka nazo si za kutupa ovyo, kwa sababu vyombo vya kauri huhitaji zote mbili. Zikisagwa na kupimwa upya hurudi kwenye mchanganyiko kwa kiasi unachokijua.

Chokaa: adui anayengoja

Punje ya chokaa hupita jokoni salama. Kati ya nyuzi 800 na 900 hivi hupoteza kaboni dioksidi, asilimia 44 ya uzito wake, na kuwa chokaa hai. Chombo kinatoka kizuri, kinapigwa picha, kinauzwa. Kisha chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewani, hugeuka chokaa iliyozimwa, na ujazo wake hukaribia kuwa maradufu. Baada ya siku au wiki kadhaa kipande cha mviringo huruka kutoka ukutani mwa chombo, na katikati ya shimo pamebaki kidoa cheupe.

Cha kukumbuka ni kwamba tatizo ni ukubwa wa punje zaidi kuliko wingi wa chokaa. Punje ya milimita 1 inavunja. Chini ya milimita 0.2 kwa kawaida haina madhara, kwa kuwa huungana na silika ya udongo jokoni. Ndiyo maana wapo wanaotengeneza vigae vya ukutani kwa udongo wenye chokaa nyingi, au wanaiongeza makusudi ikiwa imesagwa laini: hupunguza kufura kwa kigae kinaponyonya unyevu, na huufanya udongo mwekundu utoke wa manjano hafifu. Kwa hiyo chekeche ya meshi 80 humaliza sehemu kubwa ya balaa hili. Pasipo kuchekecha, kama kwenye matofali, udongo hupitishwa kati ya roli zilizobana sana, nao uchomaji hupandishwa zaidi ya nyuzi 1,000 ili chokaa iungane. Matofali yaliyokwisha kuchomwa wengine huyazamisha majini mara yanapotoka jokoni: chokaa huzimwa yote kwa mkupuo na maji mengi, na uharibifu hupungua.

Kutu na rangi

Chuma ndicho huamua rangi. Udongo wenye oksidi ya chuma ya asilimia 5 hadi 8 hutoka mwekundu. Kwa kauri nyeupe hutakiwa chini ya asilimia 1, na afadhali ipungue zaidi. Lakini tarakimu ya maabara haikuambii chuma kimekaa wapi, na hilo ndilo swali la msingi.

Kikiwa punje tofauti, kutuama na chekeche hukipunguza bila gharama ya ziada. Vumbi la chuma lililotoka kwenye mashine zenyewe hunaswa na sumaku za kawaida zilizowekwa kwenye mfereji wa uji, na zisiposafishwa kila siku hujaa na kuacha kunasa. Kutu nyekundu ya udongo, hematiti, huvutwa na sumaku kidogo sana. Inahitaji mtambo wa uga wa sumaku wenye nguvu ya tesla 2 hivi, wenye nyuzi laini za chuma cha pua ambamo uji hupita polepole.

Kikiwa utando uliopaka chembe, hutolewa kwa kemia. Uji hufanywa mchachu, hadi pH 3 hivi, kwa tindikali ya salfuriki, kisha hutiwa dithionaiti ya sodiamu, kilo chache kwa tani. Kutu isiyoyeyuka hubadilika kuwa chuma kinachoyeyuka na kwenda na maji. Mambo mawili huwaangusha watu hapa. Wasipoukamua na kuuosha haraka, hewa hukirudisha chuma kwenye hali ya kutu na manjano yanarudi. Na unga wa dithionaiti ukipatwa na maji kidogo ghalani hujipasha moto hadi kuwaka. Utunzwe pakavu, nayo kazi ifanyike penye hewa, maana hutoa gesi kali ya salfa.

Kikiwa ndani ya fuwele ya udongo wenyewe, hakuna dawa. Utaujua kwa kuujaribu kwenye kikombe: umetia dithionaiti, maji yameoshwa, na kipande kilichochomwa kina rangi ileile. Hapo tafuta shimo lingine au badilisha bidhaa. Wekundu mzuri wa chungu si kasoro.

Chumvi

Chumvi zinazoyeyuka, hasa salfeti, hupita kwenye kila chekeche. Kwenye tofali huleta utando mweupe. Kwenye uji wa kumimina kalibuni huharibu mtawanyiko, na mtu hubaki anaongeza silikati bila kuona tofauti. Kuosha kunasaidia: acha udongo utuame, mwaga theluthi mbili ya maji, rudisha maji safi, koroga. Ukifanya hivyo mara tatu imebaki sehemu moja ya 27 ya chumvi iliyokuwemo majini. Kazi hii hutaka udongo ulioshikana mashada, si uliotawanyika, la sivyo utangoja wiki.

Njia ya pili ni kabonati ya bariamu, ambayo huifunga salfeti isiyeyuke tena. Gramu 1 ya jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, hutaka gramu 1.15 za kabonati hiyo. Hukorogwa na maji kwanza na kuchanganywa kwa muda mrefu, kwa kuwa hufanya kazi polepole. Kwa kloridi haifai kitu. Na ni sumu ya panya na ya mtu pia: glavu na barakoa ni lazima, na chombo chake kisitumike kwa kazi nyingine.

Kaboni ya mimea ni hadithi fupi. Vipande vikubwa huchekechwa. Laini huungua jokoni, mradi upandishe moto polepole kati ya nyuzi 700 na 900 penye hewa ya kutosha. Ukikimbia, ndani ya chombo pabaki peusi, na moto ukizidi huvimba malengelenge.

Kukamua, kulaza, kukanda

Hapa huja mgongano ambao kila mwenye karakana hukutana nao. Uji uliotawanyika ni mzuri kwa kutenganisha lakini haukamuliki: chembe hujipanga kama vigae na kuziba kitambaa. Kabla ya kukamua, urudishe kwenye mashada kwa shabu, siki au salfeti ya magnesiamu kidogo. Ukiwa umetumia dithionaiti, tindikali iliyomo imeshafanya kazi hiyo. Mashine ya vitambaa na sahani hukamua kwa shinikizo la baa 7 hadi 15 na kuacha mkate wenye maji asilimia 20 hadi 25 hivi. Karakana ndogo hutumia mifuko ya kitambaa na sinia za plasta, kwa muda mrefu zaidi. Sodiamu nyingi iliyobaki huufanya udongo ulegee: unaushika umesimama, ukiutikisa unamwagika. Ndiyo sababu nyingine ya kutozidisha dawa pale mwanzo.

Udongo mbichi uliokamuliwa ulazwe mahali penye unyevu na giza, wiki mbili kwa uchache, miezi ikiwezekana. Maji huingia hadi chembe ya mwisho, bakteria hutoa asidi na utelezi, na udongo unaovunjika ukikunjwa huanza kupinda bila ufa. Harufu mbaya ni ishara njema. Kisha kinu cha kukandia kinachofyonza hewa hukamilisha; mapovu yaliyosalia hudhoofisha kuta za chombo.

Ukiona husinyaa sana, rudisha kitu kigumu: unga wa vyungu vilivyochomwa, asilimia 10 hadi 30. Usiposhikamana, bentonaiti ya asilimia 1 hadi 3 inatosha; uichanganye ikiwa kavu na unga wa udongo, kwani ikitiwa majini peke yake hugeuka utelezi wa mabonge.

Na kwa kuwa shimo halifanani juu na chini, tandaza udongo uliochimbwa kwa tabaka za mlalo za sentimita 20 au 30, moja juu ya nyingine, kisha uukate kwa wima kutoka juu hadi chini unapouchukua. Kila koleo litakuwa na kidogo cha kila tabaka. Ni njia ya zamani, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote za kupata udongo unaofanana mwezi hata mwezi.

Kila kundi lipimwe sambamba na la mbichi: kipande cha kilichosafishwa na cha kisichosafishwa, joko moja, rafu moja. Pima usinyaaji, tazama rangi. Kisha pima kila kipande kikiwa kikavu, kichemshe saa 5, kiache majini saa 24, kifute na ukipime tena. Ongezeko la uzito likigawanywa kwa uzito wa kavu ndilo unyonyaji wa maji. Kigae cha kauri ngumu ya sakafu hutakiwa kisizidi asilimia 0.5, cha ukutani kinaweza kupita 10. Vipande viwili vikitoka sawa kwa kila kipimo, kazi ya kusafisha haijabadilisha kitu, na ni afadhali kurudi kwenye chupa ya kioo kabla ya kuongeza mashine.